Shaush, Keya, Bama: Kumtafuta Babu Aliyekwenda Vitani

Katika koo nyingi za Tanzania Bara yupo babu anayekumbukwa kwa cheo kuliko kwa jina. Wajukuu wanajua tu kwamba alikuwa "Shaush", au kwamba "aliingia Keya akafika Bama". Wengi huyachukua maneno hayo kuwa hadithi za jioni. Kwa anayetafiti historia ya ukoo wake, maneno hayo ndiyo waraka wa kwanza, na unafaa usomwe kabla ya kugusa karatasi yoyote.

Tuanze na cheo. Ombasha, shaush na effendi ni vyeo vya jeshi la Waturuki. Huku kwetu vilifika na askari wa Kisudani, wakiwemo wale ambao Mjerumani Hermann von Wissmann aliwaandikisha Misri mwaka 1889 ili kupambana na Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani. Jeshi la Mjerumani likaendelea kuvitumia hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha mwaka 1918. Kwa hiyo ukoo unaosema "shaush" ujiulize kwanza kama babu alipigana chini ya von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika vita hivyo. Lakini hiyo ni dalili tu. Wasudani walikuwepo pia katika vikosi vya awali vya Mwingereza, na mwaka 1917, kikosi cha 6 cha jeshi lake la Keya kilipoundwa upya, kiliwachukua askari waliokuwa wa Mjerumani. Mtu mmoja aliweza kupigia saluti bendera mbili katika vita hivyo hivyo.

Keya yenyewe ni matamshi yetu ya KAR, yaani King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Na masimulizi yakitaja mizigo, njaa na safari isiyo na mwisho, huenda babu hakushika bunduki kabisa, bali alikuwa mpagazi wa Carrier Corps, jina ambalo midomo ya watu ililigeuza likawa Kariakoo. Soko la Kariakoo la Dar es Salaam limesimama mahali palipokuwa na kambi ya wapagazi hao.

Kwa Vita vya Pili, sikiliza majina ya nchi. "Habeshi" hutupeleka miaka ya 1940 na 1941, Waitaliano walipofukuzwa Ethiopia. "Bukini" ni Madagaska, mwaka 1942. "Bama" ni Burma: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilifanya mazoezi Ceylon, ikaingia bonde la Kabaw Agosti 1944 katikati ya mvua na malaria, na Desemba ikauteka mji wa Kalewa kando ya mto Chindwin. Ndani yake vikosi vya 26 na 36 vya Keya vilikuwa vya Tanganyika. Na ukoo unaosema "alipotelea baharini" utazame tarehe 12 Februari 1944. Siku hiyo meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani. Walikufa watu wapatao 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Baada ya maneno, vitu. Nyota ya shaba yenye pembe sita ina jina la medani ya vita katikati yake: Burma Star, Africa Star. Itazame vizuri, lakini usitafute jina la babu, kwa kuwa Uingereza haikuchora majina ya askari kwenye nishani za kampeni za Vita vya Pili. Nishani za Vita vya Kwanza ndizo zilizochorwa namba na jina ukingoni.

Karatasi zije mwisho. Shajara za vikosi, zinazotunzwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, hueleza kikosi kilikuwa wapi siku hadi siku, ingawa hutaja zaidi maofisa kuliko askari wa kawaida. Waliokufa hutafutwa katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyo wazi kwenye intaneti. Hapo jina litafutwe kwa sikio. Karani mgeni aliandika alichosikia: Ng'wandu akawa Gwandu, l ikawa r, jina la baba likawa la mwana. Tamka jina la babu kama mtu asiyejua lugha yake, kisha ulitafute hivyo.

Na lisipoonekana? Mwaka 2021 Tume hiyo ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi ni sehemu kubwa ya hesabu hiyo. Wengi wao hawana jiwe lenye jina lao wala orodha ya kufungua.

Ndiyo maana naomba tuwahi. Bibi anayejua kwamba mjomba wake alichukuliwa Kariakoo asirudi, na anayelijua jina lake na la kijiji chake, anashika kumbukumbu ambayo huenda haipo kwenye kabati lolote duniani. Keti naye wiki hii. Andika jina kama anavyolitamka yeye.