Shilingi ya Mlipa Kodi na Mshahara wa Mwalimu



Liko swali ambalo halikosi kuulizwa tukutanapo: Mbona mzazi hulipa kodi kwa Serikali, kisha huitwa shuleni aambiwe kwamba mwalimu fulani hana mshahara mpaka wazazi watoe? Swali hili si geni. Baba zetu na babu zetu waliliuliza, na yafaa tujue jibu walilolipata.

Kodi ya nyumba ilianza kutozwa katika nchi hii mwaka 1901, na kodi ya kichwa ikaongezwa mwaka 1910. Fedha hizo zilikwenda katika hazina ya Serikali, nazo shule za Waafrika zilipata sehemu ndogo tu. Kazi ya kufundisha ilikuwa mikononi mwa misheni. Kwa sheria ya mwaka 1924 yaliundwa Mabaraza ya Wenyeji, nayo yakapewa ruhusa ya kutoza ushuru wao wenyewe juu ya kodi ya Serikali. Jambo ambalo wazee wa mabaraza walilitaka mno lilikuwa shule. Huko Nyeri, Kakamega na Kisii walichanga fedha nyingi kwa nia ya kupata shule zisizo chini ya misheni yo yote. Kwa juhudi hizo zilipatikana shule za Serikali za Kakamega, Kagumo na Kisii katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1930.

Lakini mwenye kutoa fedha hakuwa mwenye kuamua. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Bwana Mkubwa wa Wilaya. Mwaka 1934 ziliwekwa Halmashauri za Elimu za Wilaya, ambamo walikaa watu wa Serikali, wa misheni na wa Mabaraza. Ushuru ukapitia humo kwenda kulipa walimu. Hata hivyo, katika shule nyingi aliyemwajiri mwalimu na kumwachisha kazi alikuwa misheni. Mlipa ushuru alimwona mwalimu kila siku, asiwe na neno juu yake. Watu wengine wa Ugikuyu walichagua njia ya kujitegemea kabisa: wakajenga shule zao huru, wakawalipa walimu kwa michango yao, mpaka zilipofungwa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952.

Taarifa ya Beecher ya mwaka 1949 ilikaza usimamizi wa shule na kuacha sehemu kubwa ya gharama za shule za chini juu ya wilaya. Waafrika wengi waliipinga, kwa kuwa waliona mzigo unaongezwa na mlango wa elimu unabanwa.

Tusimsahau mwalimu mwenyewe. Yeye naye aliteseka kwa mpango huo, kwa maana walimu wenye cheti kimoja waliweza kuwa na masharti mbalimbali, huyu kwa misheni, yule kwa Baraza. Ndiyo sababu walimu walianzisha chama chao cha taifa mwaka 1957, wakadai mwajiri mmoja. Baada ya Uhuru watoto shuleni waliongezeka upesi kuliko mapato ya Mabaraza ya Kaunti, na mahali pengine mishahara ilichelewa. Mwaka 1967 Tume ya Kuwaajiri Walimu iliundwa, na tangu tarehe 1 Januari 1970 Serikali Kuu ikayaondolea Mabaraza ya Kaunti kazi ya elimu ya msingi. Mwalimu akapata mwajiri mmoja nchi nzima, na hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini uzi uliomfunga mlipa kodi wa wilaya na shule yake ulikatika papo hapo.

Leo Tume hiyo imo katika Katiba ya mwaka 2010. Nayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeipa kila shule ya umma Bodi ya Usimamizi, ambayo ndani yake wamo wawakilishi sita waliochaguliwa kwa niaba ya wazazi. Penye upungufu wa walimu wa Tume, bodi huajiri walimu wake, na mara nyingi fedha zao hutoka mfukoni mwa mzazi. Walimu hao hupata kidogo kuliko wenzao, ingawa darasa ni lile lile. Basi mzigo wa zamani umerudi kwa mlango mwingine.

Kuna tofauti moja kubwa. Baba zetu walitoa ushuru bila kura. Sisi tunacho kiti ambacho wao hawakupewa. Kama wawakilishi sita huchaguliwa katika mkutano usiohudhuriwa na watu, kosa ni letu wala si la Serikali. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo naomba kila mwanachama ahudhurie mkutano wa wazazi wa shule iliyo karibu naye, aulize ni walimu wangapi wanaolipwa na Tume, ni wangapi wanaolipwa na bodi, kila mmoja anapata kiasi gani, na je, fedha zilizochangwa zilimfikia mwalimu kwa wakati? Aulize kwa adabu, na asiondoke kabla hesabu haijasomwa mbele ya wote.