Upanga Kiunoni: Sheria ya Silaha na Mafunzo ya Kupigana katika Japani

Tarehe 28 Machi mwaka 1876 serikali ya Japani ilitangaza kwamba hapana mtu aliyeruhusiwa tena kuvaa upanga, isipokuwa wakuu waliovaa mavazi rasmi ya sherehe, wanajeshi, na maofisa wa polisi. Amri ilikuwa fupi. Haikumnyang'anya mtu upanga wake: aliyekuwa nao aliweza kuuweka nyumbani, kuupaka mafuta, kuwarithisha wanawe au kuuuza. Kilichokatazwa ni kuuvaa hadharani. Walakini kwa samurai, ambao kwa zaidi ya karne mbili walitambulikana njiani kwa panga mbili, refu na fupi, zilizochomekwa katika mshipi upande wa kushoto, katazo hilo lilikuwa zito kuliko hasara ya mali.

Palikuwa na watu ambao amri hiyo iliwaumiza kwa namna nyingine. Hao ni waalimu wa upanga, ambao chakula chao kilitokana na kuwafundisha wengine. Mwanafunzi yeyote aliweza sasa kuwauliza swali lililokuwa gumu kujibiwa: ya nini kutoka jasho miaka kumi kwa silaha ambayo mtu haruhusiwi kutoka nayo nje ya mlango wake? Majibu yaliyotolewa katika Japani kwa swali hili ni mengi na yanapingana, na baadhi yake yalibuniwa na watu wenye njaa. Pengine ndiyo sababu yanafaa kuchunguzwa.

Sheria ya kuchagua nani achukue silaha haikuwa ngeni katika nchi ile. Mwaka 1588 Toyotomi Hideyoshi, aliyekuwa amekwisha kuitiisha sehemu kubwa ya Japani, aliamuru wakulima wasiwe na panga ndefu wala fupi, pinde, mikuki, bunduki, wala zana nyingine za vita. Udhuru alioutoa ulikuwa wa dini: chuma kitakachokusanywa kitafanywa misumari na vifungo vya jengo la sanamu kubwa ya Buddha mjini Kyoto, na kwa hiyo wakulima watapata heri katika dunia hii na katika ile ijayo. Hideyoshi mwenyewe alitoka katika watu wa chini, akapanda kwa njia ya vita mpaka juu kabisa; hapana shaka alijua vema mtu wa chini mwenye mkuki anaweza kufika wapi. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba vijiji vilibaki mikono mitupu baada ya amri ile. Mwanahistoria Fujiki Hisashi ameonyesha kwamba sivyo: silaha nyingi zilibaki vijijini, na bunduki ziliendelea kutumika kufukuzia wanyama walioharibu mazao. Kilichoondolewa hasa ni haki ya kuonekana na silaha. Tangu wakati huo upanga mrefu kiunoni ulikuwa alama ya daraja la mtu kuliko chombo cha kujikinga, na sheria zilizofuata chini ya watawala wa ukoo wa Tokugawa zilizidi kulikaza fundo hilo. Mfanyabiashara aliweza kuchukua upanga mfupi safarini, kwa kuogopa wanyang'anyi. Ule mrefu ulikuwa wa samurai.

Baada ya kuanguka ngome ya Osaka mwaka 1615, na kuzimwa kwa uasi wa Shimabara mwaka 1638, nchi ilikaa zaidi ya miaka 200 bila vita vikubwa. Mtu angetazamia kwamba mafunzo ya upanga yangefifia. Mambo yalikuwa kinyume. Shule za upanga ziliongezeka zikawa mamia, kila moja na jina lake, nasaba ya waalimu wake, na siri zake zilizoandikwa katika karatasi za kukunjwa. Hapo kwanza mazoezi yalikuwa ya mipigo iliyopangwa, watu wawili wakifuata mwendo uliokubaliwa kwa panga za mti, kwa kuwa pigo la kweli hata la mti laweza kuvunja mfupa. Katika karne ya 18 waalimu wa shule ya Jikishinkage, na baadaye Nakanishi Chuzo wa shule ya Itto, walieneza upanga wa mianzi pamoja na kinga za kichwa, kifua na mikono. Tangu hapo wanafunzi wawili waliweza kupigana kwa nguvu zao zote na kurudi nyumbani salama.

Jambo hili lilibadili nia ya watu kuliko wazee wa shule walivyopenda kukiri. Mtu aliyechoshwa na mipigo ya kupangwa alipata sasa raha ya kushindana, na raha hiyo haikuuliza daraja la mtu. Watoto wa wakulima na wa wafanyabiashara waliingia katika kumbi za mazoezi kwa wingi. Serikali ilitoa amri za kuwakataza wakulima wasijifunze sanaa za vita, kisha ikazirudia. Na amri inayorudiwa aghalabu ni dalili ya amri isiyotiiwa. Kondo Isami, aliyeongoza kikosi cha Shinsengumi mjini Kyoto tangu mwaka 1863, alizaliwa katika nyumba ya mkulima wilayani Tama na kujifunza upanga katika shule ya huko. Kwa hiyo imani kwamba watu hujifunza kupigana kwa sababu ya hatari inayowazunguka haithibitishwi na historia ya Japani. Pale hatari ilipokuwa ndogo kabisa ndipo kumbi zilipojaa.

Hatari ilirudi mwaka 1853 na merikebu za Marekani, na miaka kumi na mitano baadaye utawala wa Tokugawa ulianguka. Mnamo mwaka 1869 kijana Mori Arinori, aliyekuwa amesoma London, alipendekeza katika baraza la serikali mpya kwamba desturi ya kuvaa panga iachwe. Wajumbe walimkatalia kwa kauli moja, na yeye akaondoka katika kazi yake. Miaka miwili tu baadaye amri ilitoka kuwaruhusu samurai kukata nywele zao na kutembea bila panga wakipenda. Mwaka 1873 ilikuja sheria ya kuwaandikisha jeshini vijana wa madaraja yote, na mwaka 1876, kama ilivyokwisha kuelezwa, hiari ikageuka lazima. Mwaka ule ule posho za samurai zilibadilishwa zikawa hati za mkopo wa serikali. Katika muda wa miezi michache mtu alipoteza upanga wa kiunoni na mchele wa ghalani.

Hapa yafaa kusimama kidogo na Sakakibara Kenkichi. Alizaliwa mwaka 1830, akawa bingwa wa shule ya Jikishinkage na mwalimu katika chuo cha vita kilichofunguliwa na serikali ya Tokugawa mjini Edo mwaka 1856. Serikali hiyo ilipokufa, wanafunzi wake na rafiki zake hawakuwa na kazi. Mwaka 1873 aliomba ruhusa, akafungua uwanja katika mtaa wa Asakusa, Tokyo, na kuonyesha mapambano ya upanga kwa kiingilio, kwa mfano wa mieleka ya sumo: wapiganaji waligawanywa upande wa mashariki na wa magharibi, majina yao yakanadiwa, na mshindi akashangiliwa. Wanawake nao walipigana, wakitumia silaha ya mpini mrefu yenye ncha iliyopinda. Watu walimiminika. Wengine wakaiga katika miji mingine, mpaka serikali za mikoa kadhaa zikayapiga marufuku maonyesho hayo.

Sakakibara alilaumiwa sana. Ilisemwa kwamba ameuza sokoni kitu kisichouzwa, na kwamba makelele na mbwembwe za uwanjani ziliharibu usafi wa upanga. Lawama hizo zilirudiwa na waalimu wa zama za baadaye, ambao walilipwa mishahara na polisi au na shule. Ukweli ni kwamba miaka ile hapakuwa na mshahara wa mtu yeyote. Wengi wa mabingwa waliokuja kuhifadhi mafunzo ya upanga baada yake walijulikana kwa watu kwa njia ya maonyesho hayo ya kulipia, na pasipo kiingilio cha Asakusa huenda wangekuwa wamekwisha kutawanyika wakilima viazi.

Ilipokuja amri ya mwaka 1876 Sakakibara hakuasi. Alitengeneza upanga wa mti wenye kulabu ya kuuning'iniza katika mshipi, akauita bakora. Maana bakora haikukatazwa. Pamoja nao alichukua kipepeo cha mti alichokiita kwa jina lenye maana ya ukaidi. Nywele zake pia hakuzikata, akazifunga kisamurai mpaka alipokufa mwaka 1894. Katika mambo haya mna mzaha, lakini mna hoja vilevile. Mti ule mikononi mwake ulikuwa silaha ya kutosha, na kila askari polisi aliyekutana naye njiani alilijua hilo. Sheria ilihesabu chuma. Haikuwa na namna ya kuhesabu mkono ulioshika mti.

Wengine walijibu kwa damu. Mwezi wa Oktoba mwaka 1876 watu wapatao 200 waliishambulia kambi ya jeshi mjini Kumamoto kwa panga na mikuki, wakikataa bunduki kwa kuwa ni kitu cha kigeni. Walivunjwa mara moja. Februari mwaka uliofuata Saigo Takamori aliwaongoza samurai wa Satsuma katika uasi mkubwa zaidi, na mwezi wa Machi majeshi yalikabiliana katika kilima cha Tabaruzaka. Mvua ilinyesha, mapambano yakawa ya karibu, na askari wa kuandikishwa, wengi wao wana wa wakulima, walitishika mbele ya watu waliowarukia kwa panga. Ndipo serikali, iliyokuwa imewavua samurai panga zao mwaka mmoja nyuma, ilipochagua mabingwa wapatao 100 kutoka miongoni mwa polisi wake, nao wenyewe zamani samurai, ikawapeleka mbele wakiwa na panga mikononi. Kikosi hicho kilipata sifa kubwa, ingawa vita vilishindwa na bunduki na mizinga kuliko panga. Saigo alikufa Septemba mwaka 1877.

Mkuu wa polisi wa Tokyo, Kawaji Toshiyoshi, naye pia mtu wa Satsuma, aliyaona hayo. Mwaka 1879, ambao ndio mwaka wa kufa kwake, aliandika hoja ya kutaka mafunzo ya upanga yafufuliwe, na polisi ikaajiri waalimu, wa kwanza wao wakiwa Kajikawa Yoshimasa, Ueda Umanosuke na Henmi Sosuke. Hivyo upanga ulipata mlezi mpya. Polisi walihitaji kitu kimoja cha kuwafundisha askari kutoka mikoa yote, kwa hiyo mipigo ilichukuliwa mmoja mmoja kutoka shule mbalimbali na kuunganishwa. Siri za nasaba hazikuwa na nafasi katika kazi hiyo.

Sababu nyingine ya kujifunza ilitoka kwa mtu asiyekuwa na upanga wowote. Kano Jigoro, aliyezaliwa mwaka 1860, alikuwa mdogo wa umbo na alionewa na wenziwe shuleni. Alitaka kujifunza mieleka ya kujikinga ya zamani. Watu wazima aliowauliza walimwambia kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Alimpata mwalimu mwaka 1877 mjini Tokyo, akajifunza kwa miaka michache, na mwaka 1882 akafungua chuo chake katika hekalu la Eishoji, chumba cha mikeka 12. Alichokifundisha alikiita judo, akisema kwamba lengo lake ni kumlea mtu mwilini, akilini na katika tabia. Maneno hayo yamekuwa maarufu mno hata husahauliwa kwamba nia yake ya kwanza ilikuwa nyepesi kueleweka na kila mtoto: hakutaka kupigwa tena. Mazungumzo ya malezi yalikuja baadaye, nayo yalifaa kwa kuwa serikali yenye shule haiwezi kugharimia ugomvi, bali inaweza kugharimia malezi.

Njia ya Kano ndiyo iliyofuatwa na wote. Chama kikuu cha sanaa za vita, Butokukai, kiliundwa Kyoto mwaka 1895. Mwaka 1911 upanga na mieleka viliruhusiwa katika shule za kati. Na karibu na mwaka 1920 jina la kendo, yaani njia ya upanga, likashika mahali pa majina ya zamani. Lugha ya roho na tabia, ambayo msomaji wa leo hudhani ni ya kale sana, kwa sehemu kubwa ni lugha ya watu waliotafuta sababu baada ya kuvuliwa upanga. Malezi hayo yaligeuzwa kwa urahisi yakawa maandalio ya vita, na hadi mwaka 1945 shule ziliyatumia hivyo.

Baada ya kushindwa kwa Japani majeshi ya Marekani yalikusanya silaha za raia, panga zikiwamo, na nyingi zikaharibiwa au kupotea. Butokukai ilivunjwa mwaka 1946 na kendo ikakatazwa shuleni; chama kipya cha kendo kiliundwa mwaka 1952. Panga zilizohesabiwa kuwa kazi za sanaa ziliachwa. Chini ya sheria ya mwaka 1958 upanga wa namna hiyo una hati yake, na hati hufuata upanga wenyewe, si mwenyewe. Kutembea na kisu chenye makali ya zaidi ya sentimita 6 bila sababu ya haki ni kosa, na kusema tu kwamba mtu anataka kujikinga kwa kawaida hakutoshi.

Je, sababu ya haki ni ipi? Mwaka 2009 swali hilo lilifika katika Mahakama Kuu ya juu kabisa ya nchi. Mtu mmoja, ambaye kazi yake ilimlazimu mara kwa mara kuchukua fedha nyingi za kampuni, alikuwa amenunua kikopo cha kunyunyizia gesi ya kutoa machozi. Polisi walimkuta nacho mfukoni usiku wa manane, akiendesha baiskeli kwa ajili ya afya yake, naye akashitakiwa kwa kuficha chombo cha kudhuru. Mahakama ya chini ilimtia hatiani. Tarehe 26 Machi majaji waliitengua hukumu hiyo. Walitazama aina ya chombo, kazi ya mtu, saa, mahali, na nia yake, wakaona kwamba katika hali ile alikuwa na sababu ya haki, wakamwachilia.