Meza ya Watu Wawili Nairobi

Aprili iliyopita nilitaka kumpeleka mchumba wangu kula chakula cha jioni mjini Nairobi. Nilikuwa na shilingi 4,500 za Kenya na jioni moja tu kabla sijapanda basi la Namanga kurudi nyumbani. Mimi ni Mpare wa Same, yeye ni Mkikuyu wa Murang'a, na tumekaa darasa moja la Kiswahili miaka miwili. Mimi husema mgahawa, yeye husema mkahawa, na tumekwisha kubishana mara nyingi nani kaliharibu neno, ingawa yote mawili yametoka katika kahawa ile ile. Posa ilikuwa imepokelewa tangu Februari. Kilichobaki ni jambo moja ambalo nilikuwa sijamwambia, nalo lilihitaji mahali patulivu.

Jambo lenyewe linamhusu babu yangu. Katika sanduku la bibi kuna cheti cha kazi kinachoonyesha kwamba babu aliajiriwa katika hoteli moja ya Wazungu katikati ya Nairobi mwezi Juni 1954, kwanza kupangusa meza, baadaye kubeba sahani. Alikaa huko miaka saba. Bibi hakuwahi kufika. Alichobaki nacho ni masimulizi ya vitambaa vya meza, ambavyo babu alisema vilikuwa vyeupe hata ukiviangalia macho yanauma. Nilipomwuliza bibi ilikuwaje kijana wa Same asiyemjua mtu Nairobi akapata kazi ndani ya wiki moja, alijibu, "Babu yako alisema mwaka ule nafasi zilikuwa tele."

Bibi hakujua zilitoka wapi. Mimi nilikuwa nimesoma historia ya kutosha kujua. Tena mchumba wangu naye alikuwa na babu Nairobi, dobi, hadi Aprili 1954.

Kwa hiyo kila mahali nilipopafikiria kwa ajili ya jioni ile palinirudisha nyuma. Insha hii ni ile orodha yangu ya mahali pa kwenda, pamoja na sababu zilizonifanya nifute karibu yote.

Niliandika kwanza Norfolk. Mwanafunzi yeyote wa Chuo Kikuu cha Nairobi anaijua, maana iko ng'ambo ya barabara tu. Ilifunguliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1904, miaka mitano baada ya reli kufika Nairobi, na baraza yake ya mbele ikawa mahali pa walowezi pa kunywea na kutazama wapitao. Kwa wapendanao ni mahali pazuri, sikatai. Lakini barabara inayopita mbele yake inaitwa Harry Thuku, na jina hilo halikuwekwa kwa kupendeza. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika kwenye kituo cha polisi kilichokuwa karibu na hapo ukidai Thuku aachiwe. Mary Muthoni Nyanjiru aliwasuta wanaume kwa woga wao, watu wakasonga mbele, polisi wakafyatua risasi. Wanahistoria wameandika kwamba Wazungu waliokuwa barazani pale hotelini nao walipiga bunduki zao. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walisema waliokufa walikuwa wengi zaidi. Nyanjiru alikuwa mmoja wao. Nimepita barabara hiyo asubuhi nyingi nikiwahi kipindi, lakini sikuona jinsi ya kukaa pale usiku na kuanza kumweleza binti wa Murang'a habari za babu yangu na Wazungu wake.

Nikaenda kwenye jina la pili, mkahawa wa Thorn Tree katika hoteli ya Stanley, uliopewa jina la mti wa mgunga ambao wasafiri walikuwa wakibandika barua kwenye shina lake. Mkahawa ulianza 1959, babu akiwa bado mjini. Njia kuu iliyo mbele ya hoteli wakati huo iliitwa Delamere, jina la mlowezi. Leo inaitwa Kenyatta, na mtaa unaokutana nayo pale kwenye kona unaitwa Kimathi, jina la mtu aliyenyongwa na serikali ile ile Februari 1957. Majina yamebadilika kuliko bei. Nilihesabu, nikaona kwamba pesa zangu zingeisha kabla ya kufika kwenye kinywaji.

Hapa inafaa niseme wazi kuhusu milango hiyo. Kwa sehemu kubwa ya ukoloni Mwafrika aliingia katika hoteli za namna hii akiwa ameshika trei. Desturi ilitosha kumzuia, na kila mtu aliijua bila kusomewa. Mwaka 1946 ilipoanzishwa United Kenya Club, jambo lililoifanya izungumzwe ni kwamba Mwafrika, Mhindi na Mzungu wangeweza kuketi humo pamoja wakala chakula cha mchana. Chakula cha mchana tu, na kiliundiwa klabu.

Hata hivyo naona tunaposoma historia hii tunauangalia mno mlango na kuisahau pochi. Tuseme mlango ungekuwa wazi: babu yangu angemleta nani? Nairobi ya wakoloni ilijengwa kwa ajili ya mwanamume asiye na mke. Alikuja kwa kazi na alitarajiwa kurudi kwao kazi ikiisha. Kuanzia 1920 alitembea na kipande kwenye kikopo cha chuma shingoni. Alilala kitandani katika chumba cha wengi. Nyumba zilizokusudiwa familia, kama zile za Kaloleni, zilikuja katika miaka ya 1940 na hazikutosha. Mshahara nao ulikadiriwa kwa mahitaji ya mtu mmoja: unga wake, kuni zake, blanketi lake. Kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na Carpenter ndiyo iliyopendekeza, mwaka 1954, kwamba mshahara uweze kumlisha mfanyakazi pamoja na familia yake. Mwaka ule ule wa cheti cha babu! Lakini pendekezo la kamati si pesa mkononi, na bibi aliendelea kulima Same akipokea kilichobaki.

Ndiyo maana historia ya mtu na mpenzi wake kuketi kula pamoja mjini Nairobi haianzii hotelini. Inaanzia katika vyumba vya udongo vya Pangani na baadaye Pumwani. Luise White, katika kitabu chake The Comforts of Home cha mwaka 1990, anaeleza jinsi wanawake wa mitaa hiyo, wengi wao wakiitwa malaya, walivyowauzia wanaume mambo ya nyumbani: maji ya kuoga, chai, chakula, mazungumzo. Darasani kwetu neno hilo lilileta vicheko na mhadhiri akanyamaza mpaka vikaisha. Wapo kati ya wanawake hao waliojenga nyumba zao wenyewe kwa mapato hayo, katika mji ambao haukuwa umewapangia hata pa kulala. Pangani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, Pumwani ipo hadi leo. Mwanamume wa Kiafrika aliyetaka kuandaliwa chakula na kuulizwa siku yake ilikuwaje, mara nyingi alikwenda huko. Sijui kama babu alikwenda, na bibi sikumwuliza.

Sasa nirudi kwenye zile nafasi zilizokuwa tele. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil. Mtaa kwa mtaa Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani na kazini, wakachujwa, na zaidi ya watu 20,000 wakawekwa kizuizini bila kesi. Wengi walipitishwa Langata, wakapelekwa Mackinnon Road na Manyani. Jikoni, viwandani na madukani kukabaki mapengo, na waajiri wakayajaza kwa watu wa makabila mengine. Babu yangu aliingia katika moja ya mapengo hayo wiki chache baadaye. Babu ya mchumba wangu alikuwa Manyani.

Nilichukua ramani. Manyani iko karibu zaidi na Same kuliko ilivyo na Murang'a. Na mtu aliyetoka Same kwa reli siku hizo alipitia Kahe hadi Voi, kisha akashika njia ya Nairobi, na njia hiyo inapita Manyani. Babu alipita hapo Juni 1954 akienda kutafuta kazi. Kama aliiona kambi dirishani, hakumwambia mtu.

Majina mengine kwenye orodha niliyapitia haraka. Baada ya Uhuru milango ilifunguka kisheria, majengo marefu yakaja, Hilton mwaka 1969, jumba la mikutano la KICC mwaka 1973 na mgahawa wake wa kuzunguka juu kileleni, na pesa zikachukua kazi ya ulinzi iliyokuwa ya rangi. Si mara zote. Machi 2015 ilijulikana kwamba mgahawa mmoja wa Kichina jijini humo ulikuwa hauwaruhusu Waafrika kuingia baada ya saa 11 jioni, na mamlaka zikaufunga kwa kukosa leseni zinazotakiwa. Kwa kukosa leseni! Nilikuwa bado shuleni, na nakumbuka redio ikilisema hilo kama kituko. Ningependa mwanahistoria aliandike kama mwendelezo.

Mwishoni tulishuka chini ya Moi Avenue, iliyokuwa Government Road, kwenye hoteli ndogo ya chakula cha Pwani. Hoteli kwa maana yetu sisi, yaani mahali pa kula. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, sharubati ya ukwaju. Taa zilikuwa za tyubu, nyeupe, na televisheni ilikuwa na mpira. Mahaba hayakuwepo sana. Lakini kulikuwa na meza ya watu wawili pembeni, karibu na karo ya kunawia, na hakuna aliyetuuliza tunakwenda wapi.

Nikamwambia. Nilianza na cheti, nikaenda kwenye tarehe, nikaeleza reli kama vile niko kwenye mtihani wa mdomo. Alitoa miiba ya samaki polepole akaipanga ukingoni mwa sahani. Nilidhani hatajibu.

"Guka aliporudi mwaka wa 1958," akasema, "alienda pale alipokuwa dobi, akapata mtu mwingine anapiga pasi. Alituambia huyo mtu alimkaribisha chai. Hakuwahi kumsema vibaya." Akanawa, akarudi. "Ila kazi hakurudishiwa."

Nikasema samahani, bila kujua naiomba kwa niaba ya nani.

"Huyo hakuwa babu yako," akasema. "Babu yako alikuwa wa sahani."

Tulikuwa bado tumekaa bibi alipopiga simu kutoka Same kuuliza kama nimekata tiketi. Nilimwambia niko na mkwe wake, tunakula mjini, akataka kumsikia. Walisalimiana kwa muda mrefu, shikamoo na marahaba, mashamba ya Murang'a na mvua za Same, nami nikiwaza chakula kinapoa. Kisha nikasikia sauti ya bibi ikiuliza, kwa nguvu kama wafanyavyo wazee kwenye simu, kama vitambaa vya meza vya Nairobi bado ni vyeupe vile.

Mchumba wangu alitazama meza, akapitisha kiganja juu yake.

"Hapa ni plastiki, bibi," akasema. "Ina maua."