Mtoto anavyonasa Kiswahili kwenye rede na kombolela

Kibakwe, wilayani Mpwapwa mkoani Dodoma, mtoto anaweza kuanza darasa la awali akiwa amekulia kwenye Kigogo, Kihehe au Kikaguru. Shuleni lugha ni Kiswahili. Akikaa wiki kadhaa bila kujibu swali, watu wazima huwahi kumwita mzito. Mara nyingi siyo mzito, anasikiliza tu. Watoto wengi wanaoingia kwenye lugha ya pili huanza kuelewa kabla ya kusema, na ukimya huo unaweza kuchukua hata miezi.

Mchezoni hali ni tofauti. Kwenye rede wawili wanarusha mpira, wa katikati anakwepa. Ili aingie, mtoto hahitaji sentensi ndefu. Anahitaji "na mimi", "zamu yangu", "umetoka!" Anayabeba mazima mazima, kama neno moja, bila kujua "yangu" ni kitu gani. Baadaye anaanza kuyavunja: zamu yako, mpira wangu. Hapo sarufi imeshaingia, na hakuna aliyeandika kitu ubaoni.

Mtafiti Lily Wong Fillmore aliliona jambo hilo huko California miaka ya 1970. Aliwafuatilia kwa mwaka mmoja wa shule watoto 5 wanaozungumza Kihispania, wakicheza na wenzao wa Kiingereza. Walianza na vipande vya maneno vya kukariri, kisha wakavitengua wenyewe. Hawakwenda kwa kasi moja. Aliyependa sana kuwa na wenzake aliwaacha mbali.

Mtoto wa Kigogo ana bahati nyingine: Kigogo na Kiswahili vyote ni Kibantu. Nyumbani anasema munhu, wanhu. Shuleni anakuta mtu, watu. Tayari anajua kuwa neno hubadilika mwanzoni. Maji ndiyo yatampa kazi kidogo, maana kwao ni malenga. Kwa hiyo kumkataza Kigogo nyumbani "ili ashike Kiswahili" ni kumvunjia ngazi anayopandia.

Ila wote uwanjani wakiwa Wagogo, watacheza kwa Kigogo, tena kwa raha zao. Lazima awepo wa kukileta Kiswahili: kaka aliye darasa la nne, jirani aliyehamia, au mwalimu anayehesabu naye kwenye kombolela. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza na kuufikia pia mkoa wa Dodoma, uliwatumia wasaidizi kutoka kijijini, kwa hadithi, nyimbo na michezo, kuwaandaa watoto waliokosa elimu ya awali.

Na yapo maneno ambayo rede haina. Jumlisha, gawanya, aya, mstari: hayo yanamsubiri mwalimu, ikiwezekana akiwa na vizibo vya soda mkononi.