Kutoka Mwano hadi Chogo: Ujuzi wa Zimamoto na Uokoaji katika Nyegezi na Ufuko wa Ziwa Victoria

Nyegezi ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, kusini mwa katikati ya Jiji la Mwanza, katika ufuko wa Ghuba ya Mwanza, na ndani ya eneo hilo dogo zimekusanyika karibu hatari zote ambazo askari wa zimamoto na uokoaji wa Tanzania hufundishwa kuzikabili. Ipo stendi ya mabasi yanayokwenda mikoani, ipo mialo ya wavuvi, yapo mabweni ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, ambacho chimbuko lake ni taasisi iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1960, na kipo chuo cha uvuvi ambacho tangu miaka ya 1960 kimewafundisha vijana kuliishi ziwa kwa elimu. Historia ya namna ujuzi wa kuzima moto na kuokoa watu ulivyojengwa katika ukanda huu inaonyesha kwamba ujuzi huo umebebwa na watu wa aina mbili, jirani na askari, na kwamba mmoja alipoachwa bila mwenzake, gharama ililipwa kwa maisha ya watu.

Kabla ya kuwapo kikosi chochote, Wasukuma walikuwa na mwano, yaani ukunga unaopigwa wakati wa hatari, ambao kila mtu mzima aliyeusikia alipaswa kuuitikia na kuupokeza kwa jirani wa mbele, hata habari ikafika mbali kabla mjumbe hajaondoka. Aliyeusikia mwano akabaki nyumbani bila sababu alihesabiwa kuwa mkosaji, na desturi hiyo ilipata nguvu mpya mwanzoni mwa miaka ya 1980, Sungusungu, yaani walinzi wa jadi, walipoenea Usukumani kupambana na wizi wa ng'ombe. Miji ya Wasukuma, kwa maana ya makazi ya familia, ilijengwa kwa kuachana nafasi, na nyumba zake za msonge ziliezekwa kwa nyasi, kwa hiyo moto ulioshika paa moja haukurukia la pili kwa urahisi, na kazi ya waliokuja kuitika ilikuwa kuwatoa watu, mifugo na nafaka kuliko kuliokoa paa lenyewe. Hayo yalikuwa mafunzo, ingawa hayakuwa na darasa, kwa sababu mtoto alijifunza kwa kukimbia nyuma ya wakubwa.

Mji wa kisasa ulileta moto wa aina nyingine. Wajerumani waliweka kituo Mwanza mwaka 1892, reli ikafika mwaka 1928, na biashara ya pamba ikazaa vinu vya kuchambulia na maghala yaliyojaa marobota. Robota la pamba lina tabia inayomdanganya mtu asiyefundishwa, kwani cheche ikiingia ndani hufukuta taratibu bila mwali, maji yanayomwagwa juu hayafiki kiini, na robota linalodhaniwa kuwa limezimika huweza kuwaka tena baadaye. Njia salama ni kulitenga robota hilo na mengine, kulipasua, kulilowesha tabaka kwa tabaka, kisha kulilinda. Ujuzi wa namna hiyo hauwezi kupatikana kwa ushujaa peke yake, na hapo ndipo ulipoonekana umuhimu wa mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuujua moto.

Kwa muda mrefu mtu huyo alikuwa mtumishi wa halmashauri ya mji. Utaratibu huo uliyumba mwaka 1972, serikali za mitaa zilipofutwa na huduma za mijini zikadorora, hadi halmashauri za miji ziliporejeshwa mwaka 1978. Sheria ya zimamoto ya mwaka 1985 ilifuata, lakini vikosi viliendelea kuzitegemea halmashauri, zenye mifuko isiyolingana, na kwa hiyo ubora wa askari ulitegemea uwezo wa mji wake. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 ndiyo iliyoviunganisha vikosi hivyo kuwa jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, lenye namba moja ya dharura, 114, na lenye chuo chake Chogo, wilayani Handeni, mahali palipokuwa makazi ya wakimbizi kutoka Somalia.

Mafunzo ya zimamoto popote duniani huanza na jambo linaloonekana dogo, nalo ni kuushika mpira wa maji. Maji yakifunguliwa kwa shinikizo kubwa, mpira hukakamaa na mdomo wake hurudi nyuma kwa nguvu, kwa hiyo askari mmoja huongoza mdomo huku mwenzake akimwegemea mgongoni na kuubeba uzito, na wote wawili husogea kwa hatua moja. Baada ya hapo hufundishwa kwamba moto huishi kwa vitu vitatu, yaani joto, hewa na kitu kinachoungua. Hufundishwa pia kwamba petroli huelea juu ya maji na kuendelea kuwaka, ndiyo maana huzimwa kwa povu. Tena hufundishwa kwamba ndani ya chumba chenye moshi mtu hutambaa, kwa kuwa hewa inayovutika hubaki karibu na sakafu.

Hata hivyo, katika ukanda wa ziwa maafa makubwa zaidi yaliyopima ujuzi huo yalitokea majini. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyoruhusiwa kubeba abiria 430, ilipinduka ikikaribia Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakapoteza maisha. Kitako cha meli kilibaki juu ya maji kwa muda, na sauti za waliokuwa hai zikasikika kutoka ndani, lakini chuma kilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa imenaswa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwapa pumzi na kuifanya meli ielee, ilitoka, na meli ikazama. Waliotoboa walisukumwa na huruma ileile ya mwano. Kilichokosekana kilikuwa elimu ya namna hewa inavyofanya kazi ndani ya chombo kilichopinduka. Wazamiaji walioitwa kusaidia walitoka hadi Afrika Kusini, na marehemu wengi walizikwa Igoma, ambako makaburi yao yanalikumbusha jiji somo hilo mpaka leo.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara na kuua watu zaidi ya 220. Giza lilisimamisha uokoaji usiku wa kwanza, lakini siku ya pili baada ya ajali fundi mmoja wa kivuko alitolewa akiwa hai, akiwa amejihifadhi mahali palipobaki na hewa. Kile kilichopotea mwaka 1996 kwa kutobolewa chuma ndicho kilichomwokoa mtu huyu.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilianguka ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. 19 walifariki dunia na 24 wakaokoka. Wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika, na kijana mmoja wao, Majaliwa Jackson, ambaye kwa maelezo yake aliugonga mlango wa ndege kwa kasia, alipongezwa na taifa zima, kisha Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na kupewa mafunzo. Agizo hilo lina uzito katika historia hii, kwa sababu dola ilikiri hadharani kwamba mvuvi ana ujuzi ambao jeshi linauhitaji, na kwamba ujuzi huo unastahili kuongezewa elimu.

Nchi kavu nayo ina ushahidi wake. Tarehe 14 Septemba 2020 wanafunzi 10 walikufa bweni lilipoungua katika shule ya msingi ya Byamungu wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, na katika moto wa bweni dakika za mwanzo huwa mikononi mwa waliolala humo na majirani zao. Mwanza yenyewe ina nyumba nyingi zilizopandiana juu ya vilima vya mawe, ambako njia ni ya miguu na gari la zimamoto hubaki chini barabarani, likimtegemea mkazi anayejua kuuzima umeme, kuutenga mtungi wa gesi na kuwatoa watoto kabla mpira wa maji haujapandishwa.

Kwa hiyo Nyegezi, yenye chuo cha uvuvi, mabweni, stendi na mialo, ina kila sababu ya kuwa mahali ambapo mafunzo ya askari na ya raia yanafanyika pamoja: mvuvi akifundishwa siri ya hewa ndani ya chombo kilichopinduka, na askari akifundishwa na mvuvi kuyasoma mawimbi na upepo wa ghuba. Mwano uliwafunza watu kuitika, na Chogo huwafunza askari la kufanya wanapofika. Makaburi ya Igoma yanadai kwamba anayewahi kufika, awe jirani au askari, awe amefundishwa yote mawili.