Uchomaji wa Peupe si Uchomaji Holela

Katika matangazo ya afya na mazingira nchini Tanzania, kosa la kuchoma taka nje ya nyumba huitwa uchomaji holela, au kuchoma taka ovyo. Maneno haya yamezoeleka mno, na kwa maoni yangu yanapotosha. Tazama kata ya Isevya, katika Manispaa ya Tabora, mji wa miembe ambayo simulizi huihusisha na misafara ya kale ya kutoka pwani. Kiangazi kikishika, majani makavu hufagiliwa asubuhi, yakarundikwa pembeni mwa ua na kutiwa kiberiti. Anayechoma mara nyingi ni mtu mwangalifu: husubiri upepo utulie, hufyeka nyasi kuzunguka rundo, huweka ndoo ya maji karibu. Mwambie kwamba uchomaji holela umepigwa marufuku, atakuunga mkono kwa dhati, kisha ataendelea kuchoma, maana yeye haoni uholela wowote katika anachofanya. Na kwa mujibu wa neno lenyewe, hajakosea.

Istilahi ya Kiingereza inayofasiriwa hivyo, open burning, haizungumzii tabia ya mchomaji hata kidogo. Katika fani ya usimamizi wa taka, na katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, kinachokusudiwa ni uchomaji unaofanyika mahali pa wazi, moshi ukipaa moja kwa moja bila kupita kwenye chumba cha kuchomea wala dohani. Kinyume chake ni kichomea taka kama kile cha hospitali. Tofauti ni ya joto na hewa. Kichomea taka kilichojengwa kwa viwango hufikisha nyuzijoto 850 au zaidi, na gesi hubaki ndani ya joto hilo hadi zivunjikevunjike. Rundo la uani halifiki huko: juu lina mwali, chini linafuka tu, na majani mabichi au maganda ya ndizi yakiwamo, joto linashuka zaidi. Humo ndimo inamotoka kaboni monoksidi, pamoja na chembe laini za moshi zinazopenya hadi vilindini mwa mapafu. Kikichanganyika kipande cha bomba la plastiki au waya wa umeme wenye ganda lake, hutoka pia dioksini, mojawapo ya sumu ambazo mkataba ule uliandikwa kuzidhibiti. Ile ndoo ya maji huzuia moto usisambae, moshi haiugusi.

Ndiyo sababu napendekeza uchomaji wa peupe. Peupe ni mahali, kila Mswahili anapajua, na neno halimhukumu mtu kabla ya kumweleza. Wapo watakaosema kwamba litawanasa hata mama lishe na muuza mahindi ya kuchoma, ambao nao huwasha moto nje. Hoja hii ina uzito, na jibu lake ni kutaja kinachochomwa: uchomaji wa peupe wa taka, au wa uoto. Mkaa wa jikoni si taka. Wengine watasema holela linaeleweka tayari, kwa nini tulisumbue? Linaeleweka, ila linaeleweka kuwa ni kosa la mtu mwingine, yule mzembe wa nyumba ya tatu, na marufuku ya namna hiyo haimbani yeyote.

Ugumu wa kweli uko nje ya mji, kwenye miombo, na huko neno holela lina kazi yake halali. Maofisa misitu wana utaratibu wa uchomaji wa mapema: mvua zikishakatika, mwezi wa Mei au Juni, nyasi zingali na unyevu, moto hutembea chini chini, hupunguza nyasi na aghalabu huzimika usiku umande ukishuka. Ukiachwa hadi Septemba au Oktoba, moto huohuo hupanda kwenye mitundu na miyombo, huua miche ya mninga na kuteketeza mizinga ya wafuga nyuki, na asali ni sehemu kubwa ya jina la Tabora. Mioto yote miwili iko peupe. Kinachoitofautisha ni wakati, usimamizi na kibali, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti ya kibali kwa uchomaji wa uoto. Kwa hiyo tunahitaji maneno mawili kwa mambo mawili: peupe lieleze namna ya kuchoma, holela lieleze kuchoma bila ruhusa. Tukilitumia moja kwa yote, ofisa misitu anayechoma mapema anahesabiwa pamoja na mchoma plastiki.

Lipo pingamizi ambalo istilahi peke yake haiwezi kulijibu: gari la taka lisipopita, mkazi afanye nini? Ana haki ya kuuliza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, na halmashauri inayotunga sheria ndogo ya kukataza ndiyo hiyohiyo inayopaswa kuzoa. Lakini hata hapa neno sahihi linasaidia. Mkazi akijua kwamba tatizo ni moshi wa rundo lenyewe, ataona mara moja kwamba majani ya mwembe hayahitaji gari wala kiberiti: yanaoza shimoni na kuwa mboji. Kinachobaki cha kumdai mwenyekiti wa mtaa ni plastiki, betri na nepi, mzigo mdogo zaidi na ulio rahisi kuulizia kwenye mkutano.

Tangazo la kata basi lingeweza kusomeka hivi: Ni marufuku kuchoma taka peupe, hata ukiwa umesimama kando ya moto. Moto wa kupikia unaruhusiwa. Kuchoma shamba au nyasi, omba kibali kwanza. Majani yatiwe shimoni.