MCHELE MWEUPE NA HISTORIA YA BERIBERI



Sisi wa Bugarama mpunga ndio maisha yetu. Mchele ukitoka mashineni mweupe tunaufurahia, na pumba tunawapa mifugo. Lakini je, tunajua kuwa sehemu kubwa ya vitamini B1 huondoka na pumba hizo?

Mwishoni mwa karne ya 19, wakazi wengi wa Asia walikufa kwa beriberi: miguu huvimba au kufa ganzi, pumzi hukata, na moyo hushindwa kazi. Huko Batavia, ambayo leo ni Jakarta, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku wake wakilegea miguu. Walikuwa wakilishwa mchele mweupe uliopikwa hospitali ya jeshi. Mpishi mpya alipowanyima, wakarudishiwa mchele usiokobolewa sana, nao wakapona. Eijkman alidhani mchele ule una sumu. Mwenzake Gerrit Grijns, mwaka 1901, ndiye aliyeeleza kuwa kuna kitu kinachokosekana. Kitu hicho, vitamini B1, kilipatikana kikiwa safi mwaka 1926, katika mji uleule.

Huenda mtu akasema hayo ni ya zamani na ya mbali. La hasha! Kati ya Aprili 2009 na Mei 2010, askari 241 wa Umoja wa Afrika walivimba miguu mjini Mogadishu, na wasiopungua 4 wakafariki. Jeshi hilo lilikuwa la vijana wa Uganda na wa Burundi, jirani zetu wa ng'ambo ya mto Ruhwa. Hawakukosa chakula, bali chakula chao kilipungukiwa na B1. Waliopewa vitamini hiyo walipata nafuu haraka.

Tujifunze nini? Kwanza, kushiba si lishe. Pili, mwili hauwezi kuhifadhi B1 kwa muda mrefu. Akiba huisha katika wiki chache. Tatu, vitamini hii huyeyuka majini, hivyo tusimwage maji tuliyochemshia wali wala mchuzi wa maharage. Tule wali wetu pamoja na maharage na karanga, hasa mama anayenyonyesha, maana mtoto huipata B1 kwenye maziwa yake. Na anayevimba miguu na kuishiwa pumzi aende haraka kituo cha afya, kwani sababu ni nyingi.